Msuko Wenye Uzi wa Samawati

“Nywele zangu, shemeji! Sitoki hapa bila nywele zangu!”

Luan Fuhai alisimama katikati ya ua wetu, kofia mkononi, nywele zake fupi zimepakwa mafuta na kuchanwa njia ya kati, jasho linamtiririka mpaka kolani. Ilikuwa asubuhi ya Julai, na Beijing imevimba kwa joto kama donge la unga lililosahauliwa kwenye beseni. Mimi nilikuwa nimechutama nikisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu juzi.

“Nywele gani, Bwana Luan? Zile ulizosema tumpe mbwa?”

“Usinichezee. Nilimwachia mumeo msuko mzima, akasema atauhifadhi. Yuko wapi?”

“Kaenda Tongzhou. Shangazi yake ana jipu.”

“Jana ulisema mjomba.”

“Wote wawili. Ni ukoo wa majipu huo.”

Mke wa Luan alicheka dirishani kwao, upande wa pili wa ua, kisha akakumbuka yuko upande gani, akafunga dirisha. Mimi sikucheka. Sikuthubutu hata kutazama zile mbao zilizofunika shimo la kuhifadhia kabeji, hatua tatu kutoka viatu vya Luan. Chini ya mbao hizo, magoti yamegusa kidevu, alikuwamo mume wangu.

Siku moja kabla, alfajiri, askari wa doria walikuwa wamegonga kila mlango wa mtaa. Amkeni, mfalme karudi! Jenerali mmoja aliingia mjini na askari wake wenye misuko mgongoni, akamtoa yule mtoto wa miaka kumi na mmoja ndani ya kasri na kumkalisha tena kwenye kiti cha babu zake. Jamhuri imekwisha, wakasema. Tundikeni bendera za joka. Haya, haraka!

Nani alikuwa na bendera ya joka? Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mfalme aondolewe. Za zamani zilishashonwa kaptura. Watu wakachora majoka kwenye karatasi, na kwa kuwa mimi nilikuwa nabandika soli za viatu vya kitambaa na sufuria yangu ya gundi ya unga haikauki, mtaa mzima ukamiminika kwangu kutafuta gundi. Joka la mke wa Luan lilitoka kambale mtupu, na masharubu yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na mimi, ambaye sipendi nyumba yenye watu wawili iwapo inaweza kuwa na kumi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipomwona mume wangu, Kou Deshun, amesimama kando ya mzega wake wa kazi, uso mweupe kuliko gundi.

Kou alikuwa kinyozi wa kutembeza. Mzega wa kinyozi, ule mti anaoubeba begani, una ncha mbili: huku kigoda chenye saraka za nyembe, huku jiko dogo na beseni la maji moto, na juu ya jiko hilo kuna mlingoti mfupi. Siku hizi hutundikwa taulo. Lakini kila kinyozi wa Beijing alirithishwa na mwalimu wake habari ya mlingoti ule: kwamba nasaba ya Qing ilipoingia mjini, karibu miaka mia tatu nyuma, ilitoa amri kila mwanamume anyoe paji la uso na kusuka nywele za nyuma, asiyetaka, atoe kichwa. Vinyozi wakatembea mitaani pamoja na askari. Na vichwa vya wabishi, wanasema, vilitundikwa pale.

Nasaba iliingia kwa wembe. Na ilipoanguka, ni wembe uleule ulioitwa kuizika.

Sasa imerudi. Watu husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini mke wa kinyozi atie maji yapi? Mume wangu alikuwa amekata misuko ya nusu ya mji.

“Sikia, shemeji,” Luan akashusha sauti, na sauti yake ya chini ilinitisha kuliko kelele zake. “Ofisini kwetu mkuu kasema: asiye na msuko kesho, asije. Ile ya manyoya ya farasi imejaa madukani, lakini mvua ikinyesha inanuka zizi. Mimi nataka nywele zangu. Halafu kuna hili. Afande Shan anazunguka na karatasi. Wanatafuta vinyozi waliokata watu misuko kwa nguvu kwenye lango la magharibi. Mdomo wangu ni mzito, unanijua. Lakini bila msuko…”

“Bila msuko utakuwa mwepesi.”

“Mimi sijasema.”

Nikaenda ndani, Luan nyuma yangu, nikavuta gunia chini ya kitanda.

Kou hakuwahi kutupa msuko wa mtu. Katika imani yetu mwili ni amana ya waliokuzaa, nywele zikiwamo, na mtu anayetaka kuwakuta babu zake akiwa kamili huzikwa na msuko wake hata kama ulishakatwa. Kwa hiyo kila msuko ulioachwa mikononi mwake aliufunga karatasi yenye jina, karatasi akaibandika kwa gundi yangu. Nilipolifungua gunia nikataka kulia. Panya walikuwa wameifuata gundi ya unga. Misuko saba, na hata karatasi moja haikubaki.

Msuko wa Luan niliukumbuka vizuri. Ulikuwa mwembamba kama mkia wa panya haohao, mwekundu kidogo nchani. Lakini Luan alitia mkono akapita juu yake, akachomoa mmoja mnene, mweusi wa kung'aa, umemaliziwa kwa uzi wa hariri wa samawati uliosokotwa kwa mkono.

“Huu hapa! Si nilikwambia? Huu ndio wangu!”

Niliona kwa macho yangu kuwa si wake. Nikanyamaza. Nimesema mengi maishani mwangu, mengine nilipaswa kuyameza. Lakini kati ya yote ninayojutia, kubwa ni lile la siku niliyokaa kimya.

Alipoondoka nikachukua beseni la mboga, nikakaa juu ya mbao na kuosha majani huku nikizungumza na mboga.

“Kachukua upi?” sauti ikauliza chini yangu.

“Ule mnene. Wa uzi wa samawati.”

Kichwa kikagonga mbao chini yangu.

“Ule ni wa Enlin,” akasema Kou.

*

Katika chumba cha kaskazini cha ua wetu, kile kinachopata jua, aliishi Mzee Tong. Alikuwa Mmanchu, wa kabila la wafalme wenyewe, babu zake walikuja na nasaba hiyo wakiwa juu ya farasi, na yeye alibaki nayo mpaka hapakuwa na farasi wala posho, ila kanzu mbili, beseni la samaki wa dhahabu na msuko mweupe mwembamba ambao watoto wa mtaani waliuvuta na kukimbia. Mkewe alikufa mapema. Alimwachia mtoto mmoja, Enlin, na fundo la nyuzi za samawati alizokuwa amezisokota mwenyewe.

Zamani, kabla ya mambo kuharibika, Mzee Tong alinyolewa paji kila siku ya kumi, hapohapo uani, na siku hiyo hatukuhitaji mchezo wa kuigiza. Luan huleta kigoda chake. Alikuwa amesoma shule ya sheria miezi sita, na miezi hiyo aliitumia kwa miaka.

“Mbingu humkabidhi mtu dola,” Mzee Tong husema akiwa na povu usoni, “kama baba anavyomkabidhi mwana ufunguo wa ghala. Akiwa mwema, akaheshimu wakubwa na kulisha wadogo, anakaa. Akila mbegu, ananyang'anywa.”

“Mzee, mbingu ni mawingu,” Luan hujibu. “Dola ni sheria. Fimbo kwa mkosaji, ujira kwa mtiifu, basi. Yule mfalme wa kwanza aliyeunganisha nchi zote aliongoza kwa wema? Aliongoza kwa sheria!”

“Na nyumba yake ilisimama miaka mingapi?”

Luan hukohoa.

“Sikusikia.”

“Kumi na mitano.”

“Kumi na mitano!” Mzee Tong hupiga goti lake. “Jiko langu lina umri mkubwa kuliko huo.”

“Na waliofuata wema, mzee?” Kou huingilia, wembe hewani. “Si walikaa miaka mia nne, nao wakaanguka? Nywele huota, nywele hukatwa. Wewe inamisha kichwa nisije nikakupunguzia sikio.”

Enlin ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mpole, akifundisha watoto kuandika katika shule moja nje ya lango la magharibi. Jamhuri ilipokuja, Luan aliukata msuko wake siku ya tatu, kwa fataki na hotuba. Enlin hakuukata. Si kwa sababu ya mfalme. Kwa sababu ya baba.

Kisha, mwaka wa tatu wa Jamhuri, ikatoka amri ya kukata misuko yote. Meza ikawekwa kwenye lango la magharibi. Kou alikuwa anapita zake na mzega wake, askari wakamkamata bega: wewe kinyozi? Njoo ufanye kazi. Akasimama pale siku mbili, afande nyuma ya kila mteja, akikata misuko ya wakulima waliokuja kuuza vitunguu, wazee wanalia kama watoto. Siku ya pili, alasiri, akainua macho akamkuta Enlin.

“Kaka Kou,” Enlin alisema, “niache nikakate nyumbani. Nimwandae baba kwanza.”

Afande alikuwa ameshamshika mabega. Kou alikata. Misuko yote ilitupwa kapuni, lakini ule aliutia kifuani, ndani ya shati.

Mzee Tong alimwona mwanawe akiingia uani na kofia imebanwa mpaka masikioni. Akaelewa. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo. Enlin alipiga magoti nje ya mlango ule mpaka manyunyu ya vuli yakaanza, na baada ya manyunyu akaanza kukohoa. Alilala nyumbani kwa akina Luan siku nne kabla baba hajafungua. Majira ya baridi yalipofika akawa hainuki. Walimzika mwezi wa kwanza, na msuko wa pamba nyeusi chini ya kichwa.

“Kwa nini hukuurudisha?” nilimuuliza Kou kupitia mbao.

“Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili niliona aibu. Halafu mtoto akafa, mama. Ningegonga mlango ule niseme nini?”

Tangu mazishi hayo Mzee Tong hakuwahi kutusemesha; nilidhani hataki tu kuona wembe wa mtu. Alijinyoa mwenyewe, vibaya, akijikatakata. Mwaka mzima, na mwaka mwingine, na nusu tena. Ukikaa ua mmoja na mtu asiyekusemesha, hata kijiko kikianguka kinakutukana.

*

Kesho yake Luan alitoka kwenda ofisini, msuko wa marehemu umeshonewa ndani ya kofia yake, unamchezea mgongoni. Mzee Tong alikuwa anawawekea samaki maji. Alivaa kanzu yake ya hariri ya siku kubwa, kwa sababu ndoto yake ilikuwa imerudi: mfalme kitini, joka milangoni. Akageuka amwitikie Luan salamu.

Kata ikamponyoka mkononi, ikazama kwenye beseni.

Aliutazama uzi wa samawati ukivuka ua, ukipita lango, ukipotea. Kisha akageuza uso, polepole, akanitazama mimi. Nilikuwa na ungo wa maharage mikononi. Nikainama nikaanza kuyapepeta, ingawa yalikuwa safi.

Sasa hesabu ilikuwa rahisi, na niliifanya usiku na mchana. Nywele za mwanawe zimetoka nyumbani kwetu. Kwa hiyo anajua ni mkono wa nani uliozikata. Mfalme wake karudi. Afande anatafuta majina. Neno moja la mzee yule, kichwa cha mume wangu juu ya mlingoti.

Siku hazikwenda, zilijikokota. Ndege moja ilipita juu ya kasri ikadondosha bomu, na mji mzima, ambao haujawahi kuona kitu kinaanguka kutoka mbinguni ila mvua na mavi ya njiwa, ukaingia chini ya vitanda. Watu waliacha kuja kwangu. Gundi ilikauka. Usiku Kou alipanda kula, alfajiri akarudi shimoni, na kila mara alikuwa mdogo zaidi. “Toroka,” nilimwambia. Alisema lango la magharibi lina askari. Tulicheka kidogo, kicheko kibaya.

Siku ya nane Afande Shan akaingia uani na karatasi yake.

Alituita wote. Luan alikuja na kofia yake, mkewe nyuma yake. Mzee Tong akatoka mwisho, ndani ya hariri, akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kukaa, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mbao za shimo la kabeji. Akakaa juu yake. Mbao zikalia.

“Mzee,” Afande Shan alisema, akiifungua karatasi, “nimeambiwa mwanao alikatwa msuko pale langoni. Serikali ya mfalme wako inataka haki. Mkasi ulishikwa na nani?”

Luan alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Nzi mmoja alitembea kwenye joka la karatasi juu ya mlango, kutoka jicho hadi mkia, na nakumbuka niliomba asifike mwisho.

“Mkasi,” alisema Mzee Tong. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa daktari. “Mkasi sijui. Mwanangu aliniambia jambo moja tu. Kwamba afande aliyemshika mabega alikuwa na kovu kwenye kidole gumba. Kama nusu mwezi.”

Afande Shan akakunja vidole vyake. Karatasi ikakunjika navyo.

“Wenye makovu ni wengi,” akasema.

“Ndiyo maana sikutaka kusumbua wakubwa. Lakini kama serikali inataka haki, niandike. Nitamke neno moja moja?”

“Hapana haja, mzee. Pumzika. Jua kali.”

Na akaenda zake, haraka kidogo kuliko alivyokuja. Mzee Tong hakuinuka. Alimwita Luan kwa kidole.

“Luan. Unapotembea, nyosha mgongo. Umebeba nywele za watu.”

Luan akanyosha mgongo, kofia akaishika kwa mikono miwili.

*

Nasaba hiyo ya pili ilidumu siku kumi na mbili. Hata yule mfalme wa fimbo na sheria angeicheka. Asubuhi ya kumi na mbili mizinga ilinguruma, saa sita mchana ikanyamaza, na alasiri watoto wakaja wanapiga kelele: misuko! Njooni muone misuko! Askari wa jenerali walikuwa wanakata na kukimbia, makarani wanang'oa na kutupa. Mifereji ilijaa nywele, halisi na za farasi, zinaelea kama mikunga.

Luan alirudi kichwa wazi.

“Uko wapi?” nikamshika kola. Sikujijua.

“Nimeutupa, shemeji! Ulitaka nichinjwe? Mferejini, nje ya ofisi!”

Niliziondoa mbao mwenyewe. Kou alitoka shimoni akifumba macho kwa jua, akaegemea bega langu. Tulikwenda. Mbele ya ofisi ile tulipiga magoti kwenye matope, mtu na mkewe, tukivuta msuko mmoja baada ya mwingine, wapita njia wakitutania: “Chagueni mzuri, leo bei nafuu!” Kou alikuwa na mikono ya kinyozi, alijua nywele kwa kugusa. Ya farasi. Ya farasi. Ya mzee. Ya mgonjwa. Jua lilikuwa linashuka nilipoona kitu cha samawati kimenasa kwenye jiwe.

Tuliuosha kwa maji saba. Kou aliufungua, akauchana, akaukausha kivulini, akausuka upya kwa mafungu matatu. Uzi niliufua mimi, taratibu, kwa kuogopa mkono wa mama aliyeusokota usije ukachuja.

Tangu hapo nimetundika bendera tano juu ya mlango uleule, na kila moja ilikuja na watu walioniambia hii ndiyo ya milele. Nilipika gundi, nikabandika. Ukiniuliza nasaba huinukaje na kuangukaje, sijui, waulize waliosoma. Mimi najua tu kilichotokea mchana wa kesho yake.

Kou aliuweka msuko juu ya kitambaa safi, akaushika kwa mikono miwili, tukavuka ua. Kutoka mlango wetu mpaka wa Mzee Tong ni hatua kumi na sita. Akagonga.

Mzee alifungua. Hakuwa na hariri. Alivaa fulana iliyotoboka, mwiko mkononi, na nyuma yake chungu kinachemka. Aliutazama msuko. Akaugusa uzi kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto.

“Nilikata mimi, mzee,” alisema Kou.

“Najua. Mbao zile zilikuwa zinakohoa siku zote hizo.”

“Nisamehe.”

“Lile kovu…” Mzee Tong alisema, bado anautazama uzi. “Nilikiona kidole chake alipofungua karatasi. Enlin hakuniambia chochote. Sikumpa nafasi ya kuniambia.” Akaulaza uzi vizuri juu ya kitambaa. “Nywele ulikata wewe. Mlango niliufunga mimi.”

Aliupokea msuko, akaingia nao ndani, tukasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Tulibaki kizingitini, hatujui kama ni pa kuondoka au pa kupiga magoti. Uani Luan alikuwa anabandua kambale wake mlangoni, kimyakimya. Harufu ya tambi na mchuzi wa soya uliokaangwa ikatufikia.

“Mnasimama hapo mpaka lini?” sauti ikaita. “Ingieni mle, tambi zinashikana. Shemeji, kitunguu saumu kiko dirishani. Kimenye wewe, macho yangu leo hayaoni vizuri.”